Uzi: Kinywaji cha kimea na viungo vyetu. Kinapikwa kama bia, kilevi hakimo. Uchungu tuutoe wapi?

Bint Bububu

Assalaam alaykum wanabaraza, wa Unguja, wa Pemba na mlio ng'ambo.

Ramadhani ikikaribia, maduka ya Darajani yanajaa makopo ya kinywaji cha shayiri kisicho na kilevi. Tunakinunua kwa bei ya juu na tunakipenda. Ndani yake mna nini? Nafaka iliyooteshwa, maji, sukari na harufu ya tofaa ya kiwandani. Sisi tuliolelewa na hiliki, karafuu, mdalasini na mchaichai tunalipia harufu ya tofaa la chupa. Mie hili haliniingii akilini, ndio maana nimefungua uzi huu.

Kinywaji hichi kinapikika nyumbani. Nakipika kwa oda za harusi na maulidi, na nataka wengine wakijue, kwa sababu kazi ni nyingi kuliko mikono yangu. Njia ni ile ile ya bia tangu kuotesha nafaka mpaka kuchemsha. Vinapoachana ni mwisho: bia hutiwa hamira ikaachwa iumuke, hichi hakitiwi hamira hata chembe. Kinachemshwa, kinapozwa, kinachanganywa na maji ya soda, kinanywewa.

Natumia ulezi. Uoshe, upepete, utoe mchanga wote, uroweke usiku kucha na maji uyabadilishe. Kisha utandaze juu ya gunia safi, ufunike kwa kitambaa kilicholowa. Siku ya pili au ya tatu vijimizizi vyeupe vinatokeza. Usiviache vikawa virefu, maana punje inayoendelea kukua inakula sukari ile ile unayoitaka wewe. Anika juani mpaka ukitafuna punje inavunjika kwa sauti, sugua mizizi itoke, saga nusunusu. Unga laini hauchujiki. Wakati wa masika msihangaike kuotesha. Jua halitoshi na ukungu unaingia.

Kilo moja ya kimea, yaani ulezi huo uliooteshwa na kusagwa, lita nne za maji ya uvuguvugu, siyo ya moto. Koroga, acha nusu saa itulie. Hapo juu patabaki maji mepesi. Yachote taratibu uyaweke pembeni, usiyamwage, kazi yote imo humo. Ule uzito uliobaki chini utie jikoni uuchemshe robo saa huku unakoroga usishike. Uupoze kidogo, kisha rudisha yale maji mepesi. Kipimajoto kisome baina ya nyuzi 63 na 67. Funika, zungushia blanketi, acha saa nzima. Ukionja mwanzo ni uji. Ukionja baada ya saa ni utamu mtupu, na hujatia sukari hata kijiko. Chuja, chemsha tena upungue ubaki kama lita tatu. Wakati wa kunywa, glasi nusu ya huo mchuzi na nusu ya maji ya soda yasiyo na ladha, yawe baridi sana.

Sasa viungo. Hapa ndipo kinywaji kinapopona au kinapokufa.

Kinywaji cha kimea si pilau. Kwenye pilau mafuta na nyama vinabeba viungo vyote na kila kimoja kinapata pa kukaa. Kwenye maji matamu hakuna pa kujificha. Ukitia karafuu, mdalasini, hiliki, pilipili manga na kungumanga kwa pamoja, mnywaji hapati hata kimoja, anapata harufu ya kabati la viungo. Chagua kiungo kimoja kiwe bwana wa kinywaji, na cha pili kimsindikize. Basi. Hiliki na ganda la ndimu. Tangawizi na mchaichai. Mdalasini na vanila. Pilipili manga peke yake, nzima, iliyopondwa kidogo tu, inatoa ukali wa taratibu unaobaki kooni na inapendeza mno na vyakula vya kukaanga.

Kila kiungo na wakati wake. Mdalasini ni gome, unavumilia kuchemka nusu saa. Tangawizi ikichemka muda mrefu inabadilika, ubichi wake wenye harufu ya ndimu unaondoka. Kwa hiyo mie natia nusu mapema kwa ajili ya ukali na nusu mwisho kwa ajili ya harufu. Hiliki, mchaichai na maganda ya matunda nayatia baada ya kuzima moto, nafunika, dakika kumi natoa. Mafuta yake ni mepesi, ukichemsha utaisikia harufu nzuri jikoni nzima na kwenye sufuria hamna kitu. Kungumanga ni ya kukwaruza juu ya glasi, mara moja au mbili, mezani.

Mdalasini wetu wa visiwani ni ule mwembamba unaojikunja tabaka juu ya tabaka kama karatasi. Ule mnene, mgumu, mkunjo mmoja, unaoletwa kutoka nje, ni kasia. Una ukali wa moja kwa moja na kinywaji kinakuwa kama peremende. Tafuteni wetu.

Swali langu kwenu: uchungu. Kinywaji cha kimea bila uchungu kinachosha, glasi ya kwanza tamu, ya pili hutaki. Wapika bia wanatumia maua ya hopsi, na hopsi huku hazioti. Nani ana wazo la kitu cha kwetu kinachotoa uchungu safi, usio wa dawa?

Kijana wa Jang'ombe

Mashallah dada, nimeusoma mara mbili. Je, mtu asiye na kipimajoto afanye nini?

Bint Bububu

Kaka yangu, nunua. Nyuzi hizo ndizo kinywaji chenyewe. Ikizidi 75 vile vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari vinakufa, na ikiwa chini mno vinafanya kazi kivivu na nafaka inaanza kuchacha. Kwa kidole hutajua tofauti ya 63 na 75, vyote vinaunguza.

Mangi wa Tomondo

Heshima kwako dada. Mimi ni mtu wa Kilimanjaro, nipo Unguja kikazi, na kwetu pombe ya nafaka ni sehemu ya kila shughuli. Nitachangia upande ninaoujua, upande wa bia. Wenye imani yao waniwie radhi, mambo ya uchungu na viungo ni yale yale.

Kwanza, viungo kwenye kinywaji cha nafaka ni vya zamani kuliko hopsi. Ulaya ya zamani walitia mchanganyiko wa majani ya porini na viungo, na katika miji mingi mchanganyiko huo ulikuwa chanzo cha kodi. Hopsi zilishinda kwa sababu zinazuia bia isiharibike upesi. Sheria maarufu ya Bavaria ya mwaka 1516 ilisema bia iwe na shayiri, hopsi na maji tu, na tangu hapo Wajerumani wengi wakaona kutia kiungo ni kuharibu. Wabelgiji hawakuifuata, wao viungo wanavyo mpaka leo.

Pili, uchungu. Kwetu mbege ina ndizi, kimea cha ulezi huu huu wako, na gome la msesewe. Msesewe ndio hopsi yetu. Lakini sikushauri uutumie kwenye biashara ya harusi. Ni gome lenye nguvu, watu wanalitumia pia kama dawa, na anayelipima ni mama aliyefundishwa na mama yake. Mtu wa nje akikisia kwa kijiko anaweza kumuumiza mtu.

Wazo langu ni jengine. Ubelgiji kuna bia nyeupe ya ngano inayotoka kijiji cha Hoegaarden. Ilikuwa imekufa kabisa katika miaka ya 1950, viwanda vyake vyote vimefungwa, mpaka muuza maziwa mmoja wa pale, Pierre Celis, akaifufua katika miaka ya 1960. Viungo vyake vikuu ni viwili tu: mbegu za giligilani na maganda makavu ya chungwa. Siyo chungwa tamu, ni lile chungwa chungu, lenye ngozi ya mashimomashimo, ambalo huwezi kulila. Ganda lake ndilo linalotoa harufu na uchungu kwa pamoja. Sasa sijui kama visiwani linapatikana.

Na jambo moja la kukufurahisha wewe unayependa karafuu: kuna bia ya ngano ya Bavaria ambayo ukiinusa unaapa imetiwa karafuu, na haina hata punje. Ile harufu inatoka kwenye hamira yao. Inatengeneza kemikali iliyo ndugu wa ile ya kwenye karafuu. Wamekatazwa kiungo, hamira ikawapa.

Shangazi wa Chake

Nami naleta langu. Nilipika kwa kufuata maelezo ya mtu mmoja, si ya Bint Bububu, akasema kijiko kikubwa cha karafuu kwa sufuria. Ulimi ulikufa ganzi! Watoto walikataa. Nataka karafuu ionekane, sisi Wapemba, lakini isiue ulimi. Punje ngapi?

Mzee wa Wete

Waalaykum salaam wote. Shangazi, kijiko kikubwa ni cha daktari wa meno, siyo cha jikoni. Ile ganzi ni mafuta ya karafuu yenyewe, ndiyo madaktari wanayopaka kwenye jino. Karafuu iliyokauka vizuri, karibu sehemu moja katika sita ya uzito wake ni mafuta ya harufu. Hakuna kiungo chengine jikoni mwako chenye mafuta ya harufu kiasi hicho. Kwa hiyo kwa lita tatu za mchuzi za huyu binti, punje tatu, nne ukiwa unaipenda sana. Nzima, usizisage. Dakika tano za mwisho, kisha zitoe kwa mkono wako, usiziache zikalala humo.

Na uchague karafuu. Karafuu njema inachumwa tumba likiwa bado limefunga na limeanza kuwa jekundu. Likishachanua, mafuta yamepungua. Punje iwe na kichwa chake. Ibonyeze kwa ukucha kwenye shina, mafuta yatoke. Zile zilizopauka na zenye mikunjo, zimeachwa kwenye rundo zikapata moto kabla ya kuanikwa, na harufu yake inakuwa ya kuoza. Kinywaji kitakuambia hata kama jicho halikukuambia.

Nina ushauri ambao sidhani kama mtaupata kwengine. Tumieni makonyo. Vijiti vile tunavyovichambua kutoka kwenye karafuu na kuvipeleka kiwandani Wawi kukamuliwa mafuta. Konyo lina mafuta pungufu sana kuliko tumba, na harufu yake ni ya miti zaidi, haina ule ukali wa kuchoma. Kwa kinywaji linafaa kuliko karafuu yenyewe. Mama zetu walikuwa wanatia konyo kwenye mtungi wa maji. Kwa sufuria yenu, makonyo kama kumi yaliyooshwa vizuri yanatosha. Yaoshe kweli, yanaanikwa kwenye majamvi nje, vumbi linayakuta.

Sasa wewe Mangi umeuliza kuhusu chungwa chungu. Mwanangu, hilo ni danzi! Pemba yamejaa. Mdanzi unapandwa ili uunganishiwe mche wa mchungwa mtamu, kwa sababu shina lake ni gumu, linastahimili maradhi ya kuoza shina. Mchungwa wa juu ukifa, mdanzi unachipua chini na kuzaa wenyewe. Shambani kwangu madanzi yanaoza chini ya miti. Tunakamulia samaki yakikosekana malimau, na wengine wanapikia achari, lakini mengi hayana mtu. Mnaniambia Wazungu wanalinunua ganda lake?

Mangi wa Tomondo

Wanalinunua mzee, likiwa limekaushwa, kwa gramu. Shikamoo mzee wangu.

Mzee wa Wete

Marahaba. Basi nitampelekea huyu binti kipakacha kwa boti.

Ustadhi wa Malindi

Nimefurahi kuona mada inakwenda kwa adabu. Naomba niseme kuhusu upande wa dini kwa sababu najua kuna watu wanasoma wakiwa na wasiwasi, na wasiwasi wao ni wa haki.

Neno "bia" lisiwatishe na wala lisiwadanganye. Kinachoharamisha ni kulevya, siyo nafaka wala povu. Maji yaliyorowekwa tende au zabibu, yaani nabidhi, Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akinywa. Katika Sahih Muslim imo hadithi ya Ibn Abbas kwamba nabidhi ilikuwa ikirowekwa na kunywewa mpaka kufikia siku ya tatu, kisha iliyobaki ikitolewa au kumwagwa. Hii inatufundisha mpaka: kitu kitamu kikikaa katika joto letu hakibaki kama kilivyo.

Kwa hiyo swali langu kwa dada ni moja. Mchuzi huu ukishapoa, unauweka muda gani na wapi? Kama jibu ni ndoo jikoni siku nne, hapo tuna jambo la kuzungumza.

Bint Bububu

Ahsante ustadhi, swali ndilo hilo na nilipaswa kuulizwa.

Unachemshwa mpaka mwisho, unatiwa kwenye chupa zilizochemshwa ukiwa bado wa moto, unapozwa upesi kwenye beseni la barafu, unaingia friji. Unanywewa siku hiyo au ya pili. Oda ya harusi ya Jumamosi inapikwa Ijumaa, haipikwi Jumatano. Kilichobaki hakirudi chupani. Dalili za kuchacha mtazijua: mapovu yanapanda bila kutiwa soda, harufu ya mkate, kifuniko kimevimba. Ukiona moja kati ya hizo, mwaga, usionje.

Wala msitie kwenye chupa ya kioo ukaifunga na kuisahau nje ya friji. Hamira ya porini iko hewani, iko kwenye ganda la tunda, iko kwenye kitambaa cha kuchujia. Chupa ya kioo iliyojaa gesi inapasuka na vipande vinaruka.

Fundi Maabara

Mimi kazi yangu ni maabara ya chakula, na nina mambo ambayo sitaki mtu ayaruke.

La kwanza, mtama. Najua mtu atasema ulezi ghali, nitumie mtama. Mtama unafaa, ila chipukizi lake changa lina kemikali inayotoa sianidi. Ni sumu kweli, siyo ya kutishana. Kwa hiyo ukiotesha mtama, kausha kabisa, kisha sugua na upepete mpaka mizizi na chipukizi vyote vitoke, ubaki na punje tu, na mchuzi wake uchemke wazi bila kifuniko. Ulezi hauna tatizo hilo kwa kiwango cha kutisha. Anayeanza aanze na ulezi, kama alivyosema dada.

La pili, sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na ukungu wa nafaka. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula nafaka yenye sumukuvu. Sumu hii haiondoki kwa kuchemsha. Nafaka yenye punje za rangi ya kijani au nyeusi, au harufu ya stoo iliyofungwa, haifai hata uioshe mara ngapi. Hewa yetu ina unyevu mwingi, na kuotesha ni kuloweka nafaka kwa makusudi, kwa hiyo ukungu unapata karamu. Tandaza nyembamba, geuza asubuhi na jioni, suuza kila siku. Ukiona nyuzinyuzi za ukungu, tupa fungu lote.

La tatu ni la kusaidia. Mnataka kujua kama wanga umeisha kugeuka sukari? Nunueni iodini ya kupaka kidonda, duka lolote la dawa. Tia tone la mchuzi juu ya sahani nyeupe, dondoshea iodini. Ikigeuka buluu nyeusi wanga bado upo, endelea kusubiri. Ikibaki rangi yake ya hudhurungi, tayari. Tone hilo mwaga, usirudishe sufuriani.

Na kungumanga isizidi. Mkwaruzo mmoja au miwili kwenye glasi ni salama. Punje nzima nzima kwa mtu mmoja inasababisha kizunguzungu, kutapika na kuona vitu visivyokuwepo. Mjamzito asinywe chenye kungumanga nyingi.

Kijana wa Jang'ombe

Nimenunua kipimajoto. Nimepika. Utamu umekuja kweli, wallahi sikuamini. Ila kuchuja kumenishinda, kitambaa kinaziba, mchuzi haushuki, mwisho nikakamua kwa nguvu ukatoka wa kijivu na mzito.

Bint Bububu

Usikamue kaka. Ukikamua unatoa unga na ule ukakasi wa ganda la ulezi. Shayiri ya Wazungu ina ganda kubwa linalojitengenezea chujio lenyewe, ulezi hauna. Dawa yake ni makapi ya mpunga. Nenda kwenye mashine ya kukoboa, wanayarundika nje, watakupa bure. Yaoshe mpaka maji yawe meupe, yachemshe mara moja uyamwage maji yake, kisha changanya vikombe viwili kwenye sufuria kabla ya kuchuja. Tumia kitambaa cha shashi juu ya chungio, mimina polepole, acha ushuke wenyewe. Ule wa kwanza hautakuwa mweupe, utakuwa na unga unga, urudishe juu. Baadaye unashuka safi, rangi ya chai ya rangi.

Bint Bububu

Wanabaraza, kipakacha cha mzee kimefika kutoka Wete na nimeshapika. Naandika nikiwa na furaha.

Danzi nililoletewa ni la kijani likianza njano, ngozi nene yenye mashimo. Nimelimenya kwa kisu kikali, nikachukua ngozi ya juu na utando mweupe kidogo tu. Ukichukua ngozi ya juu peke yake unapata harufu bila uchungu, ukichukua weupe wote unapata uchungu wa kukunja uso. Maganda nimeyatandaza kwenye ungo chumbani mwenye feni, kivulini. Jua linaunguza mafuta. Yalipokauka yakawa magumu, yanakatika kwa mlio, na harufu yake siyo ya chungwa tena, ni ya chungwa na ua na kitu cha uvumba ndani yake.

Nimegawa mafungu mawili. Fungu la mapema, gramu kumi kwa lita tatu, limechemka nusu saa. Hilo ndilo la uchungu. Fungu la pili, gramu tano, limeingia baada ya kuzima moto pamoja na kijiko cha chai cha giligilani nilizozikaanga kavu kidogo na kuzipasua kwenye kinu. Kuzipasua tu, punje iwe vipande viwili. Dakika kumi, nikachuja.

Uchungu umekuja mwisho wa funda, nyuma ya ulimi, umekata utamu ukaondoka zake. Mdomo unabaki mkavu na unataka funda la pili. Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta. Sijatia limau, sijatia sukari.

Sufuria ya pili nimefuata maneno ya mzee, makonyo badala ya karafuu, pamoja na danzi, bila giligilani. Harufu inapanda taratibu wakati glasi inapopata joto mkononi, ulimi uko salama. Shangazi wa Chake, hii ni yako. Watoto wa jirani wameimaliza.

Nilijaribu pia jani la mdalasini. Wanaotembeza wageni mashamba ya viungo kule Kizimbani wanajua, jani la mdalasini linanukia karafuu zaidi kuliko mdalasini, na mzizi wake unanukia kama dawa ya mafua. Jani bichi moja lililopasuliwa, dakika tano, linatosha. Mzizi msiuguse kwa kinywaji.

Mzee wa Wete

Alhamdulillahi. Msimu ukiwa mzuri madanzi hayakosekani. Nimewaambia vijana wasiyaache tena yaoze, wamenye na kuanika.

Mpishi wa Nungwi

Nafuatilia uzi huu kimya tangu mwanzo. Nipo jikoni kwenye hoteli kaskazini. Wageni wengi siku hizi hawanywi pombe, na wanachopewa ni soda na juisi ya kopo. Kinywaji hichi chenye danzi nitakiweka na pweza wa nazi, maana tui linataka kitu chenye uchungu cha kulisafisha. Na ile ya pilipili manga iende na kachori na badia. Kwa wanaokula tamu, jaribuni mdalasini na vanila, lakini vanila iwe ganda lililopasuliwa, siyo ile ya chupa.

Swali: kwa wingi wa lita hamsini, dada, viungo vinazidishwa sawasawa?

Bint Bububu

La, usizidishe sawasawa. Nafaka na maji zidisha. Viungo vya kuchemka muda mrefu, kama mdalasini na fungu la kwanza la danzi, anza na robo tatu ya hesabu, kwa sababu sufuria kubwa linachukua muda mrefu kufika mchemko na muda mrefu kupoa, na wakati wote huo kiungo kinatoka. Vya mwisho, hiliki, giligilani, mchaichai, vitie kwenye mfuko wa shashi uliofungwa kamba ndefu, kamba ining'inie nje. Onja kila dakika mbili. Ukiona imetosha vuta kamba, hata kama dakika hazijafika. Karafuu usizidi punje ishirini kwa lita hamsini hata mtu akikuambia nini.

Na lita hamsini hazipoi kwenye beseni. Tafuta mrija wa shaba uliokunjwa, maji baridi yapite ndani yake huku umezamishwa kwenye sufuria. Mafundi wa mafriji Mwanakwerekwe wanakunja, peleka kipimo cha sufuria lako.

Mpishi wa Nungwi

Ahsante sana dada. Mzee, naomba nami niwekwe kwenye orodha ya madanzi, yaliyokwishaanikwa, kilo mbili za kuanzia.

Mzee wa Wete

Utapata. Yakikauka sawasawa nitayafunga kwenye pakiti za nusu kilo, boti ya Mkoani inayashusha bandarini Malindi, Unguja. Mpe mtu wako aje na mfuko usiopitisha unyevu, na usiyaweke karibu na karafuu, yatanukia karafuu mpaka mwisho wa dunia.